Sindano ya mwezi si adhabu: Mgonjwa wa skizofrenia apewe nafasi ya kuchagua

Msomaji, kabla hujaendelea hebu jiulize swali moja. Mara ya mwisho daktari alipokuandikia tembe za siku saba, ulizimeza zote? Wengi wetu, tukisema ukweli, tuliacha siku ya tatu au ya nne, mara tu tulipopata nafuu, na pakiti iliyobaki ingali ndani ya droo hadi leo. Hatukuacha kwa ukaidi. Tuliacha kwa sababu binadamu akipata nafuu husahau kwamba alikuwa mgonjwa.

Sasa mfikirie mtu aliyeambiwa ameze tembe kila siku, si kwa wiki moja, bali kwa miaka mitano, kumi, au pengine maisha yake yote. Tembe zenyewe humfanya asinzie mchana, humkausha mdomo na huenda zikamnenepesha. Isitoshe, akili anayotakiwa kuitumia kukumbuka dawa ndiyo hiyo hiyo inayougua. Huyo ndiye mgonjwa wa skizofrenia. Akiacha dawa na kurudiwa na ugonjwa, sisi humwita mkaidi, na majirani husema, "Ameanza tena."

Kuna njia mbili za kumpa mgonjwa huyu dawa yake. Ya kwanza ni tembe za kila siku. Ya pili ni sindano ambayo dawa yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ile ambayo wagonjwa wengi huiita sindano ya mwezi. Nilifanya kazi ya uuguzi katika wodi na kliniki za magonjwa ya akili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maoni nitakayoyatoa hapa hayakunijia kwa wepesi. Kuna wakati niliichukia sindano hiyo. Leo naamini kwamba kila mgonjwa wa skizofrenia anastahili kuelezwa habari zake mapema na kuulizwa kama anaitaka. Nitaeleza ni kwa nini.

Ugonjwa wenyewe

Skizofrenia si kurogwa, si laana ya ukoo, wala hailetwi na kusoma kupita kiasi. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwahi kukadiria kuwa watu wapatao milioni 24 wanaugua maradhi haya duniani, yaani mtu 1 hivi katika kila watu 300. Kwa kawaida huanza katika ujana, kati ya mwisho wa shule ya upili na miaka ya ishirini na kitu, wakati mzazi anapotarajia mtoto aanze kujitegemea.

Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwamba anafuatwa, au kwamba chakula chake kimetiwa sumu, na huwezi kumshawishi vinginevyo hata ukile mbele yake. Maneno yake hukosa mpangilio. Polepole hujitenga, huacha kuoga, huacha kazi au masomo. Na jambo linalowatatiza jamaa zaidi ya yote ni kwamba wagonjwa wengi hawaoni kuwa wanaugua. Kwao, sauti ni za kweli na sumu ni ya kweli. Sasa dawa ni ya nini?

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 40 kabla ya dawa yoyote ya kutibu hali hii kupatikana. Ilikuwa mwaka wa 1952 ambapo madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa Paris, Ufaransa, walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa ya klopromazini, ambayo wengi humu nchini waliijua kwa jina la Largactil. Kwa mara ya kwanza sauti zilinyamaza, na watu waliokuwa wamefungiwa kwa miaka wakaweza kurudi nyumbani. Lakini haukupita muda kabla ya madaktari kugundua tatizo jipya. Mgonjwa alikuwa akifika nyumbani, anaacha tembe, na baada ya miezi michache analetwa tena hospitalini akiwa amefungwa kamba.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 zilitengenezwa sindano za kukaa muda mrefu. Ya kwanza kuenea ilikuwa flufenazini, ambayo wakongwe wa kliniki zetu wanaikumbuka kwa jina la Modecate. Dawa huunganishwa na asidi ya mafuta, ikayeyushwa katika mafuta ya ufuta, kisha ikadungwa ndani kabisa ya msuli wa kalio. Hapo hukaa kama akiba na kutoka kidogo kidogo kuingia katika damu, kama mtungi unaovuja tone kwa tone. Flufenazini hudungwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na haloperidoli ya aina hiyo kila baada ya wiki 4.

Siku hizi ziko nyingine mpya zaidi. Nchini Marekani, sindano ya risperidoni ya kila wiki 2 iliidhinishwa mwaka wa 2003, na paliperidoni ya kila mwezi mwaka wa 2009. Ikafuatwa na ya miezi 3 mwaka wa 2015 na ya miezi 6 mwaka wa 2021.

Zingatia jambo moja hapa, msomaji, kwa maana wengi hukosea. Sindano si dawa "kali" ya wagonjwa walioshindikana. Flufenazini ya sindano ni flufenazini ile ile ya tembe. Kilichobadilika ni mlango inamopitia na muda inaokaa mwilini.

Tembe chini ya godoro

Je, kuna hatari gani mgonjwa akiacha dawa? Uchunguzi uliojumlisha majaribio mengi na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba katika muda wa mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia watu 27 kati ya 100 walioendelea na dawa. Miongoni mwa waliopewa tembe zisizo na dawa, ugonjwa uliwarudia 64 kati ya 100. Kila unaporudi, kuna kitu kinachopotea: kazi, ndoa, karo iliyokwisha lipwa, au imani ya mwenye nyumba. Wengine hupoteza maisha.

Usidhani kwamba watu huacha tembe kwa sababu ya umaskini au kukosa elimu pekee. Nchini Finland, taifa tajiri ambalo serikali yake husaidia kulipia dawa, uchunguzi wa mwaka wa 2011 ulifuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini baada ya kulazwa kwa mara ya kwanza. Walioendelea na dawa waliyoanzishiwa kwa siku 30 au zaidi hawakufika hata nusu. Ikiwa mambo ni hivyo Finland, yatakuwaje Kayole au Likoni, ambako mtu huchagua kati ya nauli ya kliniki na unga wa jioni?

Siku moja mama mmoja aliniletea mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na tembe alizozipata chini ya godoro la mwanawe alipokuwa akilitoa kulianika. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine zimemomonyoka kwa mate. Alikuwa amezihesabu, zikawa 93. Alilia sana, na nilipomtuliza nikagundua kwamba hakuwa akililia dawa iliyopotea. Kila usiku kwa miezi mitatu alikuwa amesimama mlangoni kumtazama mwanawe akimeza, akimwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Kila usiku walikuwa wamegombana. Nyumba yao ilikuwa imegeuka kituo cha polisi, mama akiwa askari na mwana akiwa mshukiwa. Na baada ya ugomvi wote huo, hakuna hata tembe moja iliyokuwa imefika tumboni.

Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza kuhusu sindano. Huondoa ulinzi huo nyumbani na kuupeleka kliniki. Mama hurudi kuwa mama. Pia, kijana asipofika siku yake, muuguzi anajua siku iyo hiyo, si miezi mitatu baadaye godoro linapoanikwa. Hata akikosa kwa siku chache, bado kuna dawa kiasi mwilini inayotupa muda wa kumtafuta. Na ugonjwa ukirudi ilhali sindano zote zimedungwa, daktari anajua kwa hakika kwamba dawa hiyo haimfai, wala hapotezi muda kukisia kama ilimezwa au la.

Dhambi yetu sisi wauguzi

Ikiwa sindano ina manufaa hayo, mbona wagonjwa wengi wanaiogopa? Hapa sina budi kusema ukweli ambao sisi wa kazi hii hatupendi kuusema.

Tuliifanya kuwa fimbo. Katika wodi nilizofanyia kazi, "Ukisumbua utadungwa" ilikuwa kauli ya kila siku. Mgonjwa aliyekataa chakula alitishiwa sindano. Aliyepiga kelele usiku alishikwa na wanaume wanne, suruali ikavutwa chini mbele ya wenzake, na aliyekuja na bomba la sindano mara nyingi alikuwa mimi. Ni kweli kwamba sindano ya kumtuliza mtu aliyechafukwa si hii ya mwezi; ile kazi yake huisha baada ya saa chache. Lakini mgonjwa aliyelazwa kifudifudi na kukandamizwa sakafuni hawezi kupambanua hayo. Kwake sindano ni sindano, nayo ina maana ya kushindwa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo tuliishika sana kwa sababu ilitufaa. Hatukuuliza.

Nilianza kubadili mawazo kwa sababu ya fundi mmoja wa viatu. Alikuwa amelazwa mara nyingi, na kila mara aliacha tembe baada ya kutoka. Nilimshauri ajaribu sindano ya mwezi akakataa katakata. Nilidhani anaogopa maumivu. Akaniambia, "Sista, mimi siogopi dawa. Ninawaogopa nyinyi."

Ilinichukua muda kupata jibu. Hatimaye tulikaa chumbani, mlango umefungwa, yeye kwenye kiti na mimi kwenye kiti. Nilimweleza dawa ni gani, inafanya nini, inaweza kumdhuru vipi, na kwamba akisema hapana hakuna atakayemshika. Aliuliza maswali kwa karibu saa nzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: siku yake iwe Jumanne, kwa kuwa Jumanne wateja ni wachache. Alikuja Jumanne kwa miaka. Aliwahi kuniambia kwamba tembe zilimkumbusha kila asubuhi kuwa yeye ni mgonjwa, lakini sindano ilimkumbusha mara moja tu kwa mwezi, na siku zilizosalia alikuwa fundi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeichukia dawa kwa makosa ya watu.

Hebu tazama upangaji uzazi. Wanawake wengi mno humu nchini huchagua sindano ya miezi 3 badala ya tembe za kila siku. Ukiwauliza sababu, watakuambia hawataki shughuli ya kukumbuka kila jioni, na wengine hawapendi pakiti ionekane nyumbani. Hakuna anayewaita wakaidi wala kuwaona wameadhibiwa. Twasema wamechagua linalowafaa. Mbona mgonjwa wa akili naye asiulizwe vivyo hivyo?

Utafiti unasemaje?

Nisingependa uniamini kwa sababu ya fundi mmoja. Tuangalie utafiti, pamoja na ule usiounga mkono maoni yangu.

Mwaka wa 2011 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Marekani miongoni mwa waliowahi kuwa wanajeshi. Wengine walipewa sindano ya risperidoni, wengine tembe walizochaguliwa na madaktari wao. Hakukuwa na tofauti ya maana katika idadi ya waliolazwa tena. Wanaopinga sindano hulitaja sana jaribio hili, na wana haki ya kulitaja.

Kwa upande mwingine, nchini Sweden watafiti walifuatilia wagonjwa zaidi ya 29,000 katika maisha yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba waliokuwa wakidungwa sindano walikuwa na hatari ndogo ya kulazwa tena, kwa asilimia 20 hadi 30, kuliko waliotumia dawa hizo hizo kwa njia ya tembe. Na mwaka wa 2020, utafiti mwingine wa Marekani uliohusu vijana walio katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa ulionyesha kuwa katika kliniki zilizowapa nafasi ya kudungwa sindano ya aripiprazoli kila mwezi, hatari ya kulazwa ilipungua kwa asilimia 44. La kutia moyo zaidi ni kwamba wengi wa vijana hao, baada ya kuelezwa vizuri, walikubali.

Kwa nini matokeo hutofautiana? Sababu moja ni kwamba mtu aliye ndani ya jaribio hupigiwa simu, hukumbushwa na huulizwa habari zake mara kwa mara. Katika hali hiyo hata tembe humezwa. Maisha ya kawaida hayana simu hizo. Na wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaomuuguza mtu wanaishi maisha ya kawaida.

Kasoro zisifichwe

Hata hivyo, sindano si muujiza. Kasoro yake kubwa ni kwamba ikishaingia haitoki. Tembe ikikudhuru unaacha kuimeza leo, lakini sindano itaendelea kutoa dawa kwa wiki kadhaa upende usipende. Kwa sababu hiyo, daktari mwangalifu humjaribu mgonjwa kwanza kwa tembe za dawa hiyo hiyo, au kwa kipimo kidogo cha sindano, ili aone mwili unaipokeaje.

Dawa za zamani kama flufenazini na haloperidoli, ziwe za tembe au za sindano, zinaweza kuufanya mwili kukakamaa, mikono kutetemeka, mate kutoka, au miguu kukosa utulivu hata mtu ashindwe kuketi. Mengi ya haya hutulizwa kwa kupunguza kipimo au kwa dawa kama Artane. Lakini kuna dhara jingine, la midomo na ulimi kuchezacheza zenyewe, ambalo huja baada ya miezi au miaka na wakati mwingine haliondoki kabisa. Mgonjwa aelezwe hili kabla, si baada. Dawa mpya nyingi hazimkakamazi mtu sana, lakini baadhi yake huongeza uzito na sukari mwilini, kwa hivyo mgonjwa apimwe mara kwa mara. Sindano ya olanzapini ina tahadhari yake pekee: anayedungwa hukaa kituoni kwa saa 3 akichunguzwa, kwa kuwa mara chache huleta usingizi mzito na kuchanganyikiwa.

Tena, sindano haimfai kila mtu. Mgonjwa aliyetumia dawa mbili tofauti ipasavyo bila kupata nafuu anahitaji kufikiriwa kwa klozapini, ambayo ni ya kumeza na huhitaji damu kupimwa kila mara. Haina sindano ya kukaa muda mrefu. Itakuwa makosa kuendelea kumdunga mtu kama huyo dawa isiyomsaidia kwa sababu tu anafika kliniki. Mwanamke mjamzito au anayepanga kupata mtoto naye azungumze na daktari kabla ya kubadilisha lolote, wala asiache dawa ghafla.

Na wapo wanaofanya vizuri kwa tembe. Wamezizoea, wanazikumbuka, na wanapenda kuweza kupunguza au kuongeza kipimo haraka kwa ushauri wa daktari. Hao waachwe na tembe zao. Sisemi tembe zitupwe. Ninachosema ni kwamba sindano isisubiri hadi mtu aharibikiwe mara tano ndipo itajwe, na ikitajwa isitajwe kama tishio.

Sindano bila dawa

Lakini hata mgonjwa akikubali, na jamaa wakubali, na muuguzi awe mwungwana, mambo yote huharibika iwapo dawa haipo. Nimewaona wagonjwa waliokopa nauli, wakapanga foleni tangu asubuhi, kisha wakaambiwa dawa imekwisha, wakanunue nje au warudi mwezi ujao. Anayetegemea sindano hana akiba ya tembe nyumbani. Kumkosesha sindano moja ni sawa na kumnyang'anya dawa ya mwezi mzima kwa siku moja. Zile mpya za miezi 3 na 6 nazo zina bei inayomshinda mwananchi wa kawaida.

Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka wa 2015 hadi 2030 inataka huduma hizi ziletwe karibu na wananchi. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inamtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki ya kushirikishwa katika mipango ya matibabu yake. Haya ni maneno mazuri. Lakini huduma za afya mashinani zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na ni huko maneno hayo yanapohitaji kuwa chupa za dawa kwenye rafu.

Flufenazini si dawa ya anasa. Imo katika orodha ya WHO ya dawa za lazima, na ni ya zamani. Kila hospitali ya kaunti na kila kituo cha afya kinachohudumia wagonjwa wa akili kisikose angalau sindano moja ya aina hii mwezi wowote wa mwaka. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, wananchi wanalipia bima mpya. Wakuu wa bima hiyo wahakikishe kwamba mgonjwa anayekuja kudungwa na kurudi kazini halazimiki kulazwa ili dawa yake ilipiwe.

Wala hatuhitaji kubuni mbinu ngeni. Kliniki zetu za kifua kikuu na za virusi vya ukimwi zimezoea kuwa na daftari la siku za kurudi, na mgonjwa asipofika hupigiwa simu au hutafutwa kwao. Wahudumu wa afya wa mashinani waliozinduliwa kote nchini mwaka wa 2023 wanatembea nyumba hadi nyumba. Ni wapi imeandikwa kwamba hawawezi kumuuliza fundi wa viatu kwa nini hakuonekana Jumanne?

Wewe ufanye nini?

Ikiwa una mgonjwa nyumbani, au wewe mwenyewe unatumia dawa hizi, usiziache wala usizibadilishe kwa sababu ya makala haya. Nenda kliniki na maswali. Je, dawa hii ninayomeza ina sindano ya kukaa muda mrefu? Nikikubali, nitaanza kwa kipimo gani na nitaendelea na tembe kwa muda gani, maana sindano huchukua wiki kadhaa kabla ya kukolea? Nikidhurika, mtanisaidiaje? Mna dawa ya kutosha hapa, na ikikosekana mtanipa tembe za kunishikilia? Ninaweza kudungwa faraghani? Ninaweza kuchagua siku?

Mkiulizana hayo nyumbani, mgonjwa awepo, naye asemeshwe kama mtu mzima. Msizungumze juu yake akiwa ameketi pembeni kama kiti. Akisema bado anataka tembe, msaidieni kuzikumbuka bila kumfanya mfungwa, na mkubaliane mapema mtafanya nini zikimshinda.

Nasi wauguzi, walio kazini na tuliostaafu, methali ile tuiache wodini. Uji unaweza kupewa bila kuulizwa, haudhuru. Sindano itakayokaa ndani ya mwili wa mtu kwa mwezi mzima haifanani na uji. Huyu mgonjwa aulizwe, aelezwe, angojewe aseme. Wengi watakubali. Nami nimejionea kwamba anayekubali kwa hiari yake hurudi mwezi unaofuata bila kuvutwa na mtu.